Aliyeweka Silaha Chini Anarudi kwa Nani?

Maneno tuliyotoa mbele ya mkutano mkubwa wa wamemba, Baraka, teritwari ya Fizi. Komite iliomba yaandikwe katika gazeti letu dogo ili na wale ambao hawakufika wayasome.



Komite ilituomba tuseme juu ya msaada kwa watu waliotoka jeshini na wale waliotoka msituni. Sisi wa tereni tumezoea kuongea chini ya mwembe, si mbele ya meza yenye kitambaa. Mutuvumilie kama tunakwenda polepole. Na mutuvumilie zaidi kama tunasema neno ambalo halipendezi, juu leo asubuhi muko na kura ya kupiga, na hatukuja kuwapamba.

Tuanze na jambo lililotokea. Hatutataja jina wala kijiji, kwa sababu familia ingali inaishi huku kati yetu.

Kijana mmoja alitoka msituni. Alitoa bunduki yake, akapewa karatasi, akarudi kwenye kiwanja cha mama yake pamoja na mke na mtoto. Alianza kuchoma matofali. Miezi miwili hatukusikia neno baya juu yake. Kisha mtoto wake wa miezi minane akashikwa na malaria, akafa. Munajua kwetu mtoto akifa inakuwaje. Wamama wanaleta kuni, maji na unga wa mihogo. Vijana wanachimba kaburi. Sanduku la matanga linatoa pesa ya mbao. Usiku watu wanalala nje na wafiwa. Kwa kijana huyo walikuja mama yake, mama mkwe wake na katekista. Kaburi alichimba mwenyewe.

Sanduku la matanga halikutoa kitu, juu hakuwa memba. Na hakuwa memba kwa sababu ombi lake lilikuwa limeandikwa katika kitabu, likabaki pale bila jibu. Hakuna aliyemkatalia, na hakuna aliyemkubalia. Baada ya wiki tatu hakuwako tena. Tulikwenda kumwona mke wake. Tulifikiri atatuambia habari ya njaa, ama ya madeni. Alituambia hivi tu: "Alisema, kule pori mtu akifa tunamzika wote."

Tangu siku ile tumejiuliza mara nyingi kazi yetu ni kazi gani. Sisi tunahesabu karatasi, tunahesabu vifaa, tunaandika ripoti. Kumbe yeye alikuwa anahesabu watu waliokuja matangani.

Basi, swali la leo ni lile lililo katika kitabu chenu: je, mtu aliyeacha silaha anaweza kuingia katika shirika hili, katika sanduku la matanga na katika makundi ya AVEC, ama hapana? Kabla hamujajibu, tunaomba tuweke mbele yenu yale tunayoyajua.

Kwanza tutenganishe watu. Huku kwetu tunasema tu "wademobilize", kama vile wote ni wamoja. Hapana. Kuko milango minne, na kila mlango uko na haki zake.

Mlango wa kwanza ni wa askari wa FARDC aliyefanya kazi yake hadi kustaafu, ama aliyeumia kazini, ama aliyekufa akiacha mjane na yatima. Huyu si mtu wa kuombewa huruma. Huyu iko na sheria. Sheria namba 13/005 ya tarehe 15 mwezi wa kwanza 2013 ndiyo inayoandika hali ya askari wa Kongo: wajibu wake, haki zake, na yale yanayomngoja baada ya kazi, yaani pensheni yake na rente ya wale anaowaacha nyuma. Kwenye karatasi mambo ni wazi. Shida inaanza pale mjane anapotakiwa kuonyesha kwamba yeye ni mjane.

Tumekaa na wamama wa namna hiyo. Mmoja aliolewa kambini Tanzania, mahari ikatolewa mbele ya wazee, watu wakala na kucheza. Lakini ndoa haikuandikwa kwa ofisa wa etasivili, si kule wala huku. Watoto watatu, hakuna mmoja aliye na cheti cha kuzaliwa cha hapa. Jina la mume limeandikwa namna moja kwenye karte ya kazi, namna nyingine kwenye karte ya uchaguzi, na namna ya tatu kwenye kitabu cha kanisa. Mama yule alikwenda mjini mara nne, kila mara akilipa tiketi na mahali pa kulala, na kila mara akirudishwa kwa karatasi moja inayopungua. Mara ya tano hakwenda. Haki yake haikukataliwa na mtu. Ilichoka njiani.

Mlango wa pili ni wa wale wa zamani. Munakumbuka vita vilipokwisha kwenye karatasi, mapatano yakatiwa sahihi Pretoria mwezi wa kumi na mbili 2002, serikali ya mpito ikaanza 2003. Majeshi yote yalipaswa kuwa jeshi moja. Ndipo ikaundwa CONADER, mwisho wa 2003. Watu walipelekwa katika vituo. Wale wa huku wanakumbuka Luberizi, kule kwenye uwanda wa Ruzizi. Pale mtu aliulizwa: unabaki jeshini, ama unarudi kuwa raia? Aliyechagua uraia alipewa dola 110 za kuondokea, kisha dola 25 kila mwezi kwa miezi 12. Ukijumlisha ni dola 410. Baadaye ilipaswa kufuata kazi ama ufundi. Wengine walipata, wengine walingoja. Mwaka 2007 CONADER ikafungwa, kazi ikapewa kitengo kingine cha serikali.

Mzee mmoja aliyepitia mlango huo alituambia: "Mwezi wa kumi na tatu njo nilijua mimi ni raia. Nilikwenda kuuliza pesa, hakuna. Nikarudi nyumbani, na nyumbani hawakunizoea." Leo mlango huo umefungwa. Akija mtu kuwaambia kwamba malipo ya CONADER yatafunguliwa tena, na kwamba mumpe dola kumi za kuandika majina, huyo ni mwizi. Lakini ile karte ya zamani musiitupe. Ni ushahidi kwamba mtu aliacha silaha kwa njia ya sheria, na siku ya kusimamishwa barabarani inaweza kumwokoa.

Mlango wa tatu ni wa wanaotoka katika makundi siku hizi. Mpango wa sasa unaitwa P-DDRCS. Uliundwa kwa ordonansi ya Rais wa Jamhuri ya tarehe 4 mwezi wa saba 2021. Watu wengi wanafikiri ni jina jipya la kitu kile kile. Tunaomba mutazame herufi. Katika mpango wa zamani, PNDDR, R ya mwisho ilikuwa ya mtu mwenyewe: kumrudisha yeye katika maisha. Katika huu mpya, RC ni kuinua jamii, kijiji kizima, na S ni kutuliza eneo. Maana yake msaada usiangukie mkononi mwa aliyeshika bunduki peke yake, bali uingie mahali anapoishi. Na mpango unasema pia kwamba kundi la silaha halitaingizwa jeshini likiwa zima na vyeo vyake kama zamani.

Kwa nini walibadilisha? Juu ya yale yaliyotokea. Tukumbuke Kotakoli, kule Ekwateri. Watu waliotoa silaha mashariki mwa nchi walipelekwa kambini kule mwaka 2013, pamoja na wake na watoto wao, wakangoja. Kufika 2014 zaidi ya watu 100 walikuwa wamekufa kwa njaa na magonjwa, na zaidi ya nusu walikuwa watoto. Habari ile ilifika hadi huku kwa simu, kwa redio, kwa ndugu. Sisi tulipokwenda kuongea na vijana wa milimani, wengi walituuliza swali moja tu: "Munataka kutupeleka Kotakoli?" Mpango ukiua watu mara moja, utalipa kwa miaka mingi.

Mlango wa nne ni wa watoto. Sheria namba 09/001 ya tarehe 10 mwezi wa kwanza 2009 inakataza kumwingiza mtoto chini ya miaka 18 katika jeshi ama kundi lolote la silaha. Mtoto aliyetoka haulizwi bunduki iko wapi, na hapewi pesa mkononi. Anatafutiwa jamaa, na kama hawajaonekana anakaa kwanza katika familia ya kumpokea. Kisha shule ama ufundi. Tunasema hili juu wazazi wengine wanamficha mtoto, wakiogopa atafungwa. Musimfiche. Mtoto aliyechukuliwa msituni sheria inamhesabu kama aliyetendewa vibaya.

Na kati ya milango hii minne wako wanawake na wasichana ambao hawakuhesabiwa katika mlango wowote. Katika mipango ya kwanza, aliyekuja na bunduki ndiye aliyeandikwa. Mwanamke aliyebeba mizigo, aliyepika, aliyechukuliwa kwa nguvu na kugeuzwa mke wa komanda, aliandikwa kama mtegemezi, ama hakuandikwa kabisa. Wengi walitoka usiku, peke yao, wakaingia mjini kimya. Wengine wako kati yenu. Hawatasema, na musiwalazimishe kusema. Lakini munapoandika kanuni ya kupokea wamemba wapya, musiandike kwamba mtu lazima alete cheti cha kutoka msituni. Hao hawana cheti.

Sasa tuseme juu ya makosa yetu sisi wenyewe, juu si vizuri kuhesabu ya wengine peke yake.

Kuko wakati shirika letu lilileta vyerehani na vifaa vya useremala katika kijiji kimoja cha huku. Majina yalikuwa ya walioacha silaha tu. Siku ya kugawa tulipanga vitu kwenye uwanja wa mpira, watu wote wakaja kutazama. Mama mmoja mjane, mshonaji, aliyepoteza cherehani chake katika vita, alisimama akatuuliza mbele ya wote: "Basi na sisi tuingie pori kwanza, njo mutupe mashini?" Hatukuwa na jibu. Tulipiga picha, tukaenda. Mwezi uliofuata vyerehani vingi vilikuwa vimeuzwa. Tulikasirika, tukawaita wavivu. Baadaye tukahesabu vizuri: kijiji kidogo, washonaji kumi na mbili wapya, na wateja wale wale waliokuwako zamani. Tena hakuna mtu aliyetaka kupeleka kitambaa chake kwa mtu ambaye anaona alipewa zawadi juu ya kumwibia. Kosa halikuwa la vijana peke yao. Tulikuwa tumewapa vifaa na adui siku moja.

Mara ya pili tulifanya vingine. Kundi moja, nusu walioacha silaha, nusu wenyeji na waliorudi. Kazi moja yenye faida kwa wote: kufungua njia ya kwenda sokoni, kisha mashini ya kusaga mihogo. Si kwamba walipendana. Miezi ya kwanza walikaa pande mbili za shimo. Lakini mashini ikiharibika, mtu anatafuta anayejua kutengeneza, haulizi alikuwa wapi mwaka gani. Kundi lile halikuvunjika.

Tunajua kuna neno mioyoni mwenu, na lazima lisemwe. Katika mkutano wa kutayarisha siku hii, mama mmoja wa komite alisema waziwazi. Alirudi kutoka Nyarugusu na cherehani na pesa kidogo alizoweka kwa miaka. Mwaka wa pili alinyang'anywa vyote njiani, pamoja na mbuzi. Akasema: "Mimi nikae nao kwenye duara moja, niweke pesa yangu sandukuni, na funguo moja iwe mkononi mwa yule?" Watu wakanyamaza. Hatukumjibu siku ile, na leo pia hatutamwambia asahau. Mtu ambaye hakunyang'anywa hana ruhusa ya kumwambia aliyenyang'anywa kwamba asahau.

Lakini kuko mambo mawili tunaomba tusiyachanganye.

La kwanza ni haki. Kupokea mtu katika shirika si kumfutia makosa. Ninyi si mahakama, na shirika haliwezi kusamehe mauaji wala ubakaji. Hapa hapa Baraka, mwezi wa pili 2011, mahakama ya kijeshi ya kusafiri ilikaa, wanawake wakasema yaliyowapata kule Fizi siku ya kwanza ya mwaka ule, na maofisa pamoja na askari wao wakahukumiwa. Wengi wenu mulikuwa nje mukisikiliza. Njia ile ibaki wazi. Mtu akiwa memba na kesho ashitakiwe kwa kosa kubwa, shirika lisimfiche wala lisimlipie. Hilo liandikwe katika kanuni.

La pili ni maisha ya kila siku. Kijana ambaye hakuna kesi juu yake, aliyeingia msituni na miaka kumi na tano akitoka na ishirini na mbili, anakwenda wapi? Wazee wetu walikuwa na lubunga. Mambo magumu yalikaa pale hadi yapate mwisho, na aliyekosa alilipa, akala pamoja na wengine. Hatusemi turudi nyuma. Tunasema tu kwamba kumwacha mtu bila jibu haikuwa desturi yetu. Aliyekosa aliitwa, hata kama ni kwa kukemewa.

Tena tukumbuke tulivyorudi sisi. Wengi wa sisi tunaoongea hapa tulivuka ziwa tukiwa watoto mwaka 1996, tukakulia Lugufu na Nyarugusu. Tulisomea huko, na masomo makubwa tuliyamalizia huku. Kuanzia 2005 meli zilianza kuturudisha kutoka Kigoma hadi Baraka. Tulipewa nini? Maturubai, sufuria, mablanketi, majembe, na chakula cha miezi michache. Na tuliposhuka, tulipokelewa na wote? Hapana. Walituita "Watanzania". Walituuliza kwa nini tulikimbia na kuwaacha na vita. Mashamba ya wazazi wetu yalikuwa yamekwisha kulimwa na wengine. Maturubai yalichanika, chakula kikaisha, na bado tuko hapa. Ni nini kilichotushika? Ni hiki mulichokiunda ninyi. Mtu akiugua, wanakuja. Akifiwa, wanakuja. Akitaka kuanza biashara ya ndagala, anakopa kidogo sandukuni bila kudharauliwa. Msaada wa kurudi ulituvusha ziwa. Waliotufanya tubaki ni watu.

Ndiyo maana tunasema kwamba ninyi munajua jibu la swali hili kuliko ofisi nyingi. Tofauti ni kwamba sisi tulikimbia na wao walipigana. Ni tofauti kubwa, hatuifichi. Lakini mwezi wa kumi na tatu unafanana kwa wote.

Na wakati si wa kungoja. Mwaka 2025 Goma ilianguka mwezi wa kwanza, Bukavu mwezi wa pili. MONUSCO ilikwisha kufunga kazi yake Kivu ya Kusini katikati ya 2024, na miradi yake ya vijijini ikaenda nayo. Kila vita ikisogea, mlango wa kwanza unaobishwa usiku ni wa yule anayejua tayari kushika bunduki. Anayekuja kubisha hakosi ahadi. Anasema: kule kuko wenzako. Kama huku hana mwenzake, nani atamshika mkono asiende? Na akienda, njia anayokaa kuvizia ni ile ile munayopita na mizigo yenu kwenda soko.

Basi tunaleta maombi matatu. Muyajadili, muyakate, muyaongeze.

Ombi la kwanza ni juu ya kupokea. Mtu aliyeacha silaha, mwanaume ama mwanamke, aruhusiwe kuingia kama kila mtu, akisimamiwa na wamemba wawili wanaomjua. Wasimamizi hao wasitoke katika jamaa yake wote wawili. Asipewe kundi la peke yao: katika AVEC ya watu 25, wasizidi watano. Mzunguko wa kwanza wa mwaka aweke akiba, na mkopo wake usizidi akiba yake. Funguo tatu za sanduku zibaki kwa wamemba wa zamani hadi mzunguko wa pili. Tunafikiri hilo linajibu woga wa mama yetu kwa namna ya kawaida, bila kumtukana mtu. Lakini sanduku la matanga limfungukie siku ile ile anapolipa mchango wake wa kwanza. Kifo hakingoji mzunguko wa pili. Na ombi lolote lililoandikwa kitabuni lijibiwe ndani ya siku thelathini, ndiyo ama hapana, mbele ya mwenyewe.

Ombi la pili ni juu ya karatasi. Komite ichague watu wawili wenye mwandiko mzuri na uvumilivu, wamsaidie kila mjane wa askari na kila aliyestaafu kutengeneza faili moja. Ndani kuwe na namba ya matrikule, karatasi ya kuingizwa jeshini ama ya cheo kama iko, karte ya kazi, cheti cha ndoa, vyeti vya watoto kuzaliwa, na cheti cha kifo. Majina yaandikwe namna moja, na kama yanatofautiana, watafute karatasi ya kuthibitisha kwamba ni mtu mmoja, kabla ya safari na si baada yake. Kopi moja ikae kwa mwenyewe, moja kwa shirika, juu nyumba zinaungua. Mafaili yakiwa matano ama sita, mtu mmoja aende nayo mjini kwa niaba ya wote. Tiketi moja badala ya sita. Na ninyi vijana: andikisheni ndoa zenu kwa etasivili, hata kama mahari imekwisha. Mtoto akizaliwa, mwandikisheni kabla siku 90 hazijapita. Ndani ya siku hizo ni bure. Hakuna anayefunga ndoa akifikiria ujane, lakini tumeona ujane bila karatasi.

Ombi la tatu ni kwenu wafadhili wetu. Munatuuliza kila mara: ni walioacha silaha wangapi tuliwasaidia? Ni swali la haki, pesa ni zenu. Tunaomba muongeze la pili: wangapi wangali hapa baada ya misimu miwili ya kulima? Swali la kwanza linatusukuma kugawa vifaa haraka na kupiga picha. Swali la pili litatusukuma kukaa. Toeni msaada kwa makundi yaliyochanganyika, si kwa majina ya mtu mmoja mmoja. Gharama ya kufuatilia mafaili ya wajane musiikate kwa sababu haipigwi picha. Na kama munaweza kutoa kwa mwaka mmoja tu, mutuambie mapema, ili tusiwaahidi watu mwaka wa pili. Ahadi iliyovunjika huku inarudi na bunduki.

Tunamaliza. Mke wa kijana yule bado anaishi kwa mama mkwe wake. Siku hizi anauza makala kando ya barabara. Mwezi uliopita alituuliza kama yeye mwenyewe anaweza kuandika jina lake katika kitabu cha shirika. Tulimwambia tutaleta ombi lake kwenye mkutano. Tumelileta. Liko kwa sekretari, ukurasa wa mwisho, chini ya la mume wake.

Akisikia kwamba amepokelewa, atamtumia mume wake habari. Namna gani, hatukuuliza. Hatuwezi kuwaahidi kwamba atarudi. Lakini akirudi mara ya pili, awakute watu.

Sasa neno ni lenu.

(Baada ya maneno haya wamemba walijadili hadi saa nane mchana. Kanuni ya kupokea ilikubaliwa kwa kura, pamoja na neno moja lililoongezwa na mama aliyenyang'anywa cherehani: kwamba kila anayepokelewa asimame mbele ya kundi, aseme jina lake na jina la kijiji chake, na asikilize wale wanaotaka kumwambia kitu. Majina mawili ya wasimamizi wa mafaili yataandikwa katika namba ijayo. Ombi la mama muuza makala lilikubaliwa siku ile ile.)